Bunduki ya Lindo Imkae Mlinzi

Ukurasa huu umezoea kusema habari za mishahara, likizo na mikataba. Safari hii tunataka kusema juu ya chombo ambacho baadhi ya wenzetu hukabidhiwa saa 12 jioni na kukirudisha saa 12 asubuhi, na ambacho mara nyingi hakuna aliyewaeleza namna kinavyopasa kumkaa mtu mwilini. Chombo chenyewe ni bunduki ya marisau. Askari wa getini hapa Kampala anayo, askari wa ghala la kahawa anayo, na katika mashamba ya chai na miwa yupo mwenzetu anayeibeba usiku kulinda mashine na mafuta ya dizeli.

Inafaa tuieleze kwa Kiswahili, kwa kuwa kazi hii yenyewe ilikuja na Kiswahili. Mfanyakazi ambaye nyumbani husema Luganda, Lusoga au Acholi, afikapo lindoni husema askari, bunduki, risasi. Maneno hayo yalipita katika kambi za King's African Rifles, yakabaki kwa polisi na jeshi, na sasa ni ya getini.

Mwajiri anunuapo buti huuliza namba ya mguu, kwani hakuna awezaye kulinda usiku kucha amevaa buti namba 11 naye mguu wake ni namba 7. Lakini bunduki hununuliwa kumi kwa pamoja, zote kipimo kimoja, akapewa mrefu na mfupi, mnene na mwembamba, mwanamume na mwanamke. Bunduki nyingi za kiwandani zina kitako chenye urefu wa kama sentimita 36, tukipima kutoka kwenye triga hadi mwisho wa kitako. Kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya mwanamume wa kimo cha kati. Mama mwenye kimo cha futi tano akiinua bunduki hiyo, kitako humnasa kwapani, naye hujipinda mgongo kwa nyuma ili asiangushwe na uzito wa mbele. Akifyatua akiwa amesimama hivyo, teke la bunduki humpata juu ya mfupa wa bega au kwenye mkono, na hapo ndipo yanapotoka yale madoa ya damu iliyovilia.

Kupima si kazi ngumu. Kwanza hakikisha bunduki haina kitu, si ndani ya chemba wala ndani ya bomba la risasi, uangalie kwa jicho na kupapasa kwa kidole. Kisha iinue begani kama mtu anayetaka kulenga, shavu likiwa juu ya kitako, kidole kikiwa nje ya triga. Mwenzio atazame nafasi iliyopo kati ya pua yako na kidole gumba cha mkono wa triga. Ikiwa vidole viwili au vitatu vinaingia hapo, kitako kinakufaa. Ikiwa gumba linagusa pua, kitako ni kifupi, na siku ya kufyatua utajipiga puani mwenyewe. Ikiwa inaingia ngumi nzima na shingo umeinyoosha kama kuku anywaye maji, kitako ni kirefu. Kwa watu wafupi urefu wa sentimita 33, au hata pungufu, huwa bora zaidi.

Jambo la pili ni shavu. Bunduki ya marisau aghalabu haina kionea cha nyuma kama ile ya jeshi. Jicho lako ndilo kionea cha nyuma. Kwa hiyo mgongo wa kitako, pale shavu linapolala, ukiwa chini mno jicho litaona chuma cha nyuma tu, nawe utainua kichwa ili uone mbele. Kichwa kikiinuka marisau yatapita juu, na kitako kitarudi kugonga taya kwa sababu hakikuwa kimelizwa shavuni. Dawa yake ni ndogo: kipande cha mpira au cha ngozi kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kikafungwa juu ya kitako kwa mkanda wake. Hakihitaji kutoboa mbao.

Tena kuna habari ya jicho lenye nguvu. Nyosha mkono, elekeza kidole kwenye mlingoti wa taa ulio mbali huku macho yote mawili yakiwa wazi, kisha funga jicho la kushoto. Kidole kikibaki juu ya mlingoti, jicho lako la kulia ndilo linaloongoza. Kikiruka pembeni, ni la kushoto. Wapo watu wengi watumiao mkono wa kulia na hali jicho lao lenye nguvu ni la kushoto, nao huambiwa kila mwaka kwamba hawana shabaha. Anayetumia mkono wa kushoto naye ana taabu yake: bunduki nyingi za kukokota hutupa maganda upande wa kulia, yaani mbele ya uso wake. Ithaca 37, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1937, hutupa maganda chini, na Mossberg 500 ya miaka ya 1960 ina kitufe cha usalama juu, nyuma ya mtambo, ambacho gumba la mkono wowote hukifikia. Kwa hiyo ikisemwa kwamba bunduki ya mashoto haipo duniani, si kweli.

Sasa teke lenyewe. Watu husema bunduki nyepesi ni nzuri kwa mlinzi kwa sababu haichoshi bega. Ni kweli kwa kubeba, lakini si kwa kufyatua. Risasi ni ile ile, baruti ni ile ile. Bunduki ya kilo 3 itarudi nyuma kwa kasi kuliko ya kilo 3 na nusu. Risasi yenye marisau ya gramu 36 itapiga teke kuliko ya gramu 28. Basi anayetaka kupunguza maumivu ana njia tatu: risasi isiyozidi mahitaji, kitako kinachomkaa, na kibao cha mpira mwishoni mwa kitako. Kibao hicho tungekitia katika orodha ya vifaa vya kinga, sawa na glavu na buti. Na masikio yasisahauliwe: mlio wa bunduki ya marisau hupita desibeli 150, na sauti ya ghafla ya desibeli 140 inatosha kumdhuru mtu. Siku ya mazoezi kila mlinzi avae kinga ya masikio, pamoja na mwalimu wake.

Tukija kwenye kuaminika, yaani bunduki kutii inapoitwa, ziko aina tatu utakazoziona. Ya kwanza ni ya kuvunja katikati, yenye mtutu mmoja au miwili. Ya pili ni ya kukokota, ambapo mkono wa mbele huvuta nyuma na kusukuma mbele. Remington 870, ambayo imekuwapo tangu 1950, ni ya namna hiyo. Ya tatu hujikoki yenyewe kwa nguvu ya risasi. Hii ya tatu tungeiacha kwa wawindaji wenye nafasi ya kuisafisha. Risasi dhaifu au masizi machache yanaweza kuisimamisha. Ya kukokota haichagui risasi, lakini inamchagua mtu: anayeikokota kwa woga, nusu nusu, huacha ganda limekwama au huifunga chemba ikiwa tupu. Hivyo ndivyo inavyowakwamia wengi, wala si kosa la chuma. Inataka mkono uvute hadi mwisho na kusukuma hadi mwisho, na mkono huo haupatikani kwa kusimuliwa. Unapatikana kwa mazoezi, kwa risasi za bandia zisizo na baruti.

Sisi hatuoni aibu kusema kwamba, kwa mlinzi aliyepata siku mbili tu za mafunzo, ile ya mitutu miwili ya kuvunja ndiyo salama zaidi. Ina risasi mbili tu, ndiyo. Lakini ukiivunja, kila mtu aliye karibu anaona kama ina kitu au haina. Wakati wa kupokezana zamu jambo hilo ni kubwa, kwa kuwa ajali ya lindo yaweza kutokea mikononi mwa watu wawili wanaopeana bunduki, wala si mbele ya mwizi tu. Yule mwenye bunduki ya kukokota ajue pia kwamba katika nyingi ya bunduki hizo kitufe cha usalama huzuia triga tu. Ikianguka sakafuni na risasi imo chembani, inaweza kulia hata kitufe kikiwa kimefungwa. Kwa hiyo risasi zikae ndani ya bomba, na chemba iwe tupu mpaka pawe na haja.

Risasi ndizo zinazosahauliwa kuliko yote. Namba 12 maana yake ni kwamba risasi duara 12 za kipimo cha mtutu, zikiwa za risasi tupu, zina uzito wa ratili moja. Namba 20 ni mtutu mwembamba zaidi. Risasi ya namba 20 ikiingizwa kwa makosa katika bunduki ya namba 12 huteleza ikapita chemba na kukwama mbele ndani ya mtutu. Mlinzi akiona bunduki haikulia, ataingiza ya namba 12 nyuma yake, na hapo mtutu hupasuka penye mkono wake wa kushoto. Ndiyo sababu maganda ya namba 20 hutengenezwa kwa rangi ya manjano. Tena utazame maandishi ya urefu yaliyochorwa kwenye mtutu: chemba ya milimita 70 isitiwe risasi ya milimita 76, hata kama inaonekana kuingia, kwa maana ganda likifunguka halipati nafasi, na msukumo hupanda kupita kiasi.

Sasa fikiri juu ya zile risasi tano za getini. Kila asubuhi zinatolewa, kila jioni zinaingizwa, mwaka hadi mwaka, ni zile zile. Ukingo wa shaba hulika, mdomo wa ganda hufunguka kidogo, plastiki huvimba, springi ya bomba huzisukuma mpaka zinapinda. Siku ya haja hukwama. Kisha mlinzi huulizwa kwa nini hakufanya kazi yake. Jibu lilikuwa mkononi mwake kwa muda mrefu: risasi iliyovimba, iliyopata kutu au isiyoingia kwa ulaini itolewe kazini, irudishwe ofisini kwa kuandikiwa, na zile za akiba zizungushwe. Risasi hugharimu fedha, tunajua, lakini iliyozeeka inaweza kumgharimu mlinzi roho yake.

Hapa kwetu adui mwingine ni unyevu. Ziwa liko karibu, mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba hazimsikilizi mtu, na kibanda cha lindo aghalabu huvuja. Bunduki iliyonyeshewa ipanguswe asubuhi ile ile, ipitishwe kitambaa kikavu ndani ya mtutu, kisha kitambaa chenye mafuta kidogo. Tunasema kidogo. Mafuta yakitiririka mpaka kwenye risasi huweza kuua fataki, na yakichanganyika na vumbi la kiwanda cha saruji au la kahawa huwa kama gundi ndani ya mtambo. Usiisimamishe bunduki mdomo chini penye udongo. Tope kidogo mdomoni, au nyigu aliyejenga humo, yatosha kuupasua mtutu.

Na kurekebisha je? Bunduki ya lindo si mali ya mlinzi. Imeandikishwa kwa jina la mwenye leseni, na Sheria ya Silaha za Moto ya 1970 haiwachezei wanaochezea silaha. Kibao cha mpira cha kuvalisha, mkanda mpana wa begani, pedi ya shavuni, hivi vyaweza kuvikwa na kuvuliwa bila kugusa chuma wala mbao, na hata hivyo kwa idhini. Kukata kitako, kubadilisha springi au triga, hiyo ni kazi ya fundi bunduki mwenye leseni, agizo likitoka kwa mwajiri. Kukata mtutu hatutaki hata kuusikia. Zaidi ya kuvunja sheria, mtutu mfupi huwa mwepesi na teke lake huwa baya, mlio na moto wake humrudia mwenyewe. Nao wanaodhani kwamba bunduki ya marisau haihitaji kulenga wapige karatasi moja mita 10 wajionee: marisau yanayotoka katika mtutu ulio wazi huenea kadiri ya sentimita 25 tu hapo. Si upana wa mlango.

Wenzetu wanaokwenda kukaa na mwajiri juu ya mkataba wa pamoja wanaweza kuyaingiza haya bila makelele. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, na kitako kisichomkaa mtu ni hatari ya kazi kama mashine isiyo na kizuizi. Aliyeumizwa bega au sikio kazini asikae kimya. Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya 2000 inamhusu, naye atoe taarifa mapema na kwenda kwa daktari. Na pale ambapo mlinzi hukatwa mshahara kwa sababu ya risasi iliyovimba, Sheria ya Ajira ya 2006 imeweka mipaka juu ya makato, basi karatasi ya makato iletwe kwa katibu wa tawi.

Kila lindo liwe na daftari lake. Ndani yake ziandikwe namba ya bunduki, idadi ya risasi, tarehe ziliponunuliwa, kasoro iliyoonekana, na sahihi za wote wawili, anayetoka na anayeingia. Mwenye kuona kutu kwenye chemba aandike "kutu chembani" na saa aliyoiona, hata kama ameandika hivyo jana na juzi. Daftari likijaa lisitupwe.