Laptopu Inachemka? Tusikimbilie Kununua Mpya

Ndugu zetu, laptopu ya zamani ikichemka na kujizima katikati ya maongezi na watoto nyumbani, wengi wetu tunawaza kukopa mshahara tununue nyingine. Tungoje kwanza. Mara nyingi shida ni vumbi tu, na huku Ghuba vumbi halikosekani. Feni inapoza mashine kwa hewa. Matundu yakiziba, joto halina pa kutokea, basi mashine inapunguza kasi au inajizima isiungue.

Tufanye hivi. Tusiitumie juu ya godoro wala blanketi. Tuiweke mezani, nyuma tuinyanyue kwa vizibo viwili vya chupa. Tuizime, tuchomoe chaji, tupitishe brashi laini kwenye matundu. Bado inachemka? Fundi aifungue, asafishe feni na kubadilisha ile pesti ya kupitisha joto, maana hukauka kadiri miaka inavyokwenda. Bei tukubaliane kabla hajashika bisibisi.

Ila betri ikivimba, hapo hakuna kubana matumizi. Tusiichaji tena, tusiitoboe, wala tusiifiche kwenye begi la kwenda nyumbani: betri mbovu inaweza kuwaka, na kwenye ndege hairuhusiwi.