Tanga, mji unaolelewa na mlima (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia Raskazone, na wapo wasomaji waliouliza kama Tanga ndiyo imekwisha. Haijaisha, tulianza tu na upande ulio mwepesi. Wageni wengi hulala usiku mmoja, wakala samaki, wakaupiga picha mnara wa saa, asubuhi wakapanda basi. Wenyeji wana msemo wao, waja leo waondoka leo, na inaonekana wageni wameufanya ratiba.

Hoja yangu leo ni kwamba vivutio vya Tanga vimepangana kwenye njia moja iendayo kutoka milima ya Usambara hadi baharini. Anayevitazama kimoja kimoja huona pango, au reli kuukuu, au ufukwe. Anayeifuata njia yenyewe ndiye anayeujua mji.

Tuanze na maji. Pepo za bahari, kusi na kaskazi kwa zamu yake, zikifika Usambara Mashariki hukuta ukuta wa mlima na kulazimika kupanda. Zikipanda hupoa, na unyevu uliobebwa kutoka baharini humwagika kama mvua. Amani, huko juu mlimani, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Msitu huyapokea maji hayo na kuyaachia taratibu, yakashuka na Mto Zigi hadi bwawa la Mabayani, na kutoka hapo hadi mabombani mwa jiji. Basi ukiagiza chai mtaani Ngamiani, kwenye barabara ya nane au ya kumi na mbili, unakunywa mvua ya Amani, na huenda hata majani ya chai yametoka mlima huohuo.

Kwenda Amani unapitia Muheza, ambako machungwa hukusubiri kando ya barabara yamepangwa mafungu mafungu. Baada ya hapo ni kupanda kona kwa kona, na wakati wa masika utelezi si wa mchezo. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na viumbe hai Amani mwaka 1902, wakapanda miti kutoka kila pembe ya nchi za joto ili waone ipi itawaingizia fedha. Mingi ya miti hiyo bado imesimama, ikichanganyika na ile ya asili, na tangu mwaka 1997 eneo hilo ni hifadhi ya mazingira asilia. Vijijini utakuta iliki na pilipili manga zimeanikwa uani, na harufu ya mdalasini hukutangulia kabla hujauona.

Lakini kitu nikipendacho zaidi huko ni kidogo mno. Ni ua la zambarau lisilozidi kiganja, majani yake yana malaika laini kama shavu la mtoto, nalo hujibana katika nyufa za miamba yenye kivuli na unyevunyevu. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa Wajerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la ukoo wao, Saintpaulia. Leo limejaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, mamilioni ya vyungu, ilhali huku kwetu likipungua kila msitu unapokatwa. Watanzania wengi hawajapata kuliona, jambo ambalo kwangu ni aibu kidogo.

Mwaka 1893 ulikuwa mkubwa kwa Tanga. Ndipo ujenzi wa reli ya Usambara ulipoanza bandarini, na ndipo Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, na kutokana na hiyo yakaja mashamba yaliyoitajirisha Tanga na kuwaleta vibarua kutoka pande zote za nchi. Reli ilifika Moshi mwaka 1911. Novemba 1914 Waingereza waliposhusha hapa askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, ni reli hiyo iliyomletea kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, askari wake kutoka upande wa Kilimanjaro. Walikuwa kama 1,000 tu, na wakashinda. Nyuki waliotibuka mizingani walishiriki pia, wakiuma bila kuuliza bendera.

Ukirudi mjini, mapango ya Amboni yako kilometa kama 8 kaskazini, kandokando ya Mto Mkulumuzi. Ni mawe ya chokaa yaliyowahi kuwa chini ya bahari, kisha maji ya mvua yakayala polepole hadi yakawa vyumba. Ingia na mwongozaji mwenye tochi. Atakuonyesha popo, atakuonyesha mawe yanayofanana na hiki na kile (mengine yanahitaji imani), na atakufikisha kwenye mzimu ambako watu bado huacha sadaka wakiomba uzazi. Atakusimulia habari za Osale Otango, mtoro wa miaka ya 1950 aliyejificha humo, na pia kwamba njia moja hutokea Mombasa. Hili la Mombasa lisikilize kwa adabu tu.

Upande wa kusini, barabara ya Pangani inapita karibu na Machui, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909 na alikozikwa mwaka 1962. Mbele kidogo ni magofu ya Tongoni, msikiti wa karne ya 15 na makaburi yapatayo 40, mengine ya nguzo. Mwaka 1498 merikebu moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya mchanga ya hapo. Mabaharia walipoinua macho waliona safu ya milima mirefu nyuma ya pwani, wakaiita kwa jina la merikebu yao. Kwao pia Usambara ilikuwa sehemu ya bahari hii.

Bahari yenyewe ina mkazi mkongwe kuliko misikiti yote: silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu mwanzoni mwa karne hii wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimkuta kwenye majarife ya papa, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Usitarajie kumwona, maana hukaa kwenye kina kirefu na penye giza.

Mwenye siku tatu aanzie Amani, ashuke Amboni, amalizie Tongoni jua likipungua ukali. Achukue koti la baridi hata kama ni Januari. Juma lijalo tutavuka kwenda Pangani.