Kidonge cha Saa Tatu Usiku

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukishakuwa mpevu taa za mitumbwi hazina kazi tena, kwa sababu ziwa zima linang'aa na dagaa hawana haja ya kujikusanya chini ya taa moja. Siku hizo wavuvi wa Mwamgongo hulala majumbani kwao, wakashona nyavu na kutengeneza injini. Giza likirudi nao wanarudi kazini: wanatoka jua linapozama, wanarejea kumekucha.

Sasa mpe mmoja wao bahasha ya vidonge vya kloropromazini iliyoandikwa kwa kalamu: kimoja, saa tatu usiku. Dawa hiyo ya ugonjwa wa akili huleta usingizi mzito, hasa wiki za mwanzo, ndiyo maana huandikwa inywewe wakati wa kulala. Lakini saa tatu usiku mvuvi wetu hayuko kitandani. Yuko juu ya ziwa lenye kina kinachozidi mita 1,400, kashika kamba, na wenzake wanaitegemea mikono yake. Usiku wa kwanza anakiacha kidonge nyumbani. Wa pili vilevile. Kabla mwezi haujaandama tena amekwisha kuacha dawa, na hakuna siku aliyokaa akaamua kuacha.

Mvuvi huyu nimemtunga. Mgongano kati ya bahasha ile na kazi yake sikuutunga.

Mwamgongo iko kando ya ziwa, kaskazini tu ya Hifadhi ya Gombe, imebanwa kati ya milima na maji. Usafiri wa wengi ni boti. Za asubuhi hushuka hadi Kibirizi, pembeni ya mji wa Kigoma, na za kurudi huondoka Kibirizi mchana. Anayekwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni kuonana na wahudumu wa afya ya akili ana saa chache za kushuka, kupanda gari, kukaa foleni, kuandikiwa dawa na kuiwahi boti. Foleni ikiwa ndefu analala mjini kwa gharama yake, na kama ni kipindi cha giza amepoteza usiku wa kazi. Mwaka 2024, Serikali ilipolifunga ziwa kwa uvuvi kati ya Mei na Agosti ili samaki wazaliane, ilikuwepo miezi ambayo usingizi wa usiku upo lakini nauli haipo.

Kwa hiyo swali la kuacha au kutoacha dawa za akili, ambalo vitabuni huonekana kama mazungumzo ya watu wawili mezani, hapa mara nyingi linajibiwa na mwezi, nauli na upepo wa kusi. Mgonjwa akifika kliniki anaulizwa: "Unakunywa dawa?" Naye anajibu: "Nakunywa, daktari." Wote wawili wameridhika. Mmoja amejaza kadi, mwingine amekwepa kukaripiwa.

Nadhani hapo ndipo pa kuanzia. Kutaka kuacha dawa si ukaidi wala si dalili kwamba ugonjwa umerudi. Mara nyingi ni mtu mwenye akili timamu anayepima hasara na faida, ila anapima peke yake na kwa siri, bila nusu ya taarifa anazohitaji.

Hasara anazozipima ni za kweli. Haloperidoli na sindano ya flufenazini, ambazo ni dawa za kawaida katika hospitali zetu, zinaweza kumkaza mtu misuli ndani ya siku chache tangu aanze: shingo inapinda upande mmoja, taya linabana, macho yanageukia juu na kugoma kushuka. Familia isiyowahi kuambiwa jambo hili itaona nini? Itaona jini. Juzi ndugu yao alikuwa anaongea peke yake, leo amekakamaa macho meupe. Dawa ya hospitali imewaudhi wenyewe, tumpeleke kwa mganga. Kumbe kuna kidonge kidogo cha benzheksoli, au sindano ya jamii hiyo, kinachoilegeza misuli hiyo upesi. Dakika tano za maelezo siku ya kwanza zingeokoa miezi ya kuhangaika.

Wengine dawa huwaondolea utulivu. Miguu inawasha kwa ndani, hawawezi kukaa, wanazunguka ua usiku kucha, na nyumbani wanasema wazimu umepanda tena. Wapo wanaotetemeka mikono na kutokwa udenda, na mikono inayotetemeka haifumi nyavu. Kloropromazini pia huifanya ngozi iungue upesi na jua. Sasa fikiria mama anayeanika dagaa ufukweni tangu asubuhi, akiwageuza mchangani chini ya jua kali: nani alimwambia avae mikono mirefu na kitambaa kichwani kwa sababu ya kidonge?

Kuna pia yasiyosemwa kabisa. Baadhi ya dawa hizi humzuia mwanamke kuona siku zake, na wakati mwingine maziwa hutoka hana mtoto. Anaweza kudhani ana mimba, au kudhani kizazi kimefungwa. Mwanamume naye anaweza kupungukiwa nguvu za kiume, na ni wangapi watakaolitamka hilo mbele ya muuguzi aliye rika la binti yao? Anaacha vidonge, nguvu zinarudi, na kwake ushahidi umetimia.

Huko Gombe, jirani na Mwamgongo, sokwe wamekuwa wakipewa majina na kufuatiliwa mienendo tangu Jane Goodall aliposhuka ufukweni pale Julai 1960. Ninaheshimu kazi ile. Lakini ningependa kuona daftari la namna hiyo, lenye subira hiyo, likimfuatilia binadamu wa kijiji cha pili anayetumia haloperidoli: lini alianza kutetemeka, lini alinenepa, lini aliacha kucheka.

Mbaya zaidi, mwezi wa kwanza baada ya kuacha unaweza kuwa mzuri kuliko yote. Uzito wa kichwa umeondoka, mwili mwepesi, mtu anavua, anakwenda msikitini au kanisani, anatania. Kwa wanaochomwa flufenazini ya kila mwezi hali hiyo ni ndefu zaidi, kwa sababu dawa ile hukaa mwilini wiki nyingi. Anayekosa sindano moja haoni kitu, anayekosa mbili bado anatamba. Ugonjwa ukirudi baada ya miezi mitatu au minne, hakuna anayeuunganisha na sindano. Lawama inakwenda kwa ugomvi wa shamba la michikichi, au kwa jicho la shangazi.

Aliyekuwa kwenye vidonge na kuviacha ghafla hukutana na lingine. Siku chache tu baadaye anakosa usingizi, anatoka jasho, anahisi kichefuchefu, moyo hauna raha. Mara nyingi hayo si ugonjwa kurudi, ni mwili unaodai kilichozoeleka. Ndugu wanaona usiku mbili bila usingizi na kuhukumu: umeona, bila dawa hawezi. Huenda ni kweli hawezi. Lakini usiku mbili hizo hazijathibitisha hilo.

Je, wapo wanaoweza? Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha mapitio ya Stefan Leucht na wenzake kuhusu majaribio 65. Kati ya kila wagonjwa 100 wa skizofrenia walioendelea na dawa, 27 waliugua upya ndani ya mwaka. Kati ya kila 100 waliobadilishiwa vidonge visivyo na dawa ndani yake, walirudiwa 64. Daktari akiisoma hesabu hiyo anaona 64. Mgonjwa ana haki ya kuwaona wale 36. Kinachokosekana ni njia ya kujua mapema nani yuko kundi lipi.

Mwaka uliofuata Lex Wunderink na wenzake huko Uholanzi walitoa matokeo yaliyozua mjadala. Walikuwa wamewafuatilia kwa miaka saba watu waliougua kwa mara ya kwanza. Waliopunguziwa dawa au kuachishwa waliugua upya zaidi katika miaka miwili ya mwanzo, lakini mwisho wa miaka saba takriban 40 kati ya 100 walikuwa wamepona na kurudia maisha yao, dhidi ya 18 hivi kwa walioendelea kama kawaida. Watu wengi walipata matumaini. Kisha mwaka 2023 yakaja majibu ya Uingereza, ya kundi lililoongozwa na Joanna Moncrieff, daktari ambaye mwenyewe ni mkosoaji wa dawa hizi. Watu 253, wengi wao wagonjwa wa muda mrefu, walifuatiliwa miaka miwili. Waliopunguza polepole hawakuwa na maisha bora kuliko wenzao, na walioangukia hali mbaya walikuwa 25 kati ya 100, dhidi ya 13. Mwanamke huyo aliyatangaza matokeo yasiyompendeza, jambo ambalo kwangu linaongeza uzito wake.

Lakini Uingereza anayeteleza anaita gari la wagonjwa. Mwamgongo mtu aliyechanganyikiwa usiku wa manane anasubiri boti, na akiwa hajitambui atapakiwa akiwa ameshikwa na wanaume wanne. Hatari ileile ya 25 kwa 100 haina bei ileile kila mahali. Ukweli huo haumkatazi mtu wa kijijini kuamua. Ila unamlazimu ajipange zaidi kuliko mtu wa mjini.

Tumewahi kuona watu wakiacha dawa kwa pamoja. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Baadhi ya waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI waliziacha. Tulicheka baadaye, wengine walilia. Watu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka na dawa isiyo na mwisho, na mtu aliyewatazama usoni alikuwa amewaambia kuna mwisho. Leo mwenye ugonjwa wa akili akisikia kwenye maombi kwamba amefunguliwa, ujumbe una nguvu ileile. Kiongozi wa dini anayemwombea mtu kisha akamwambia aendelee na vidonge mpaka kliniki iseme vinginevyo anafanya kazi kubwa.

Kwa atakayetaka kulizungumza jambo hili waziwazi, mambo yanaanza kabla ya neno kuacha. Mvuvi anaweza kuomba saa ya dawa ihamishwe, anywe asubuhi akishatia nanga na kula, ndipo alale. Anaweza kuomba dawa isiyolaza sana, au dozi ndogo zaidi, kwani wengine huendelea na dozi ya siku za hatari hata baada ya hatari kupita, kwa sababu tu kila mhudumu aliyefuata alinakili kadi ya nyuma. Nina hakika wengi wanaosema wameichoka dawa wameichoka dozi.

Kama bado anataka kuacha, miongozo ya Shirika la Afya Duniani inasema dawa za saikosisi, yaani za jamii ya haloperidoli, ziendelee angalau miezi 12 tangu dalili zilipoisha. Aliyeugua mara kadhaa anahitaji muda mrefu zaidi, na kwa baadhi jibu la busara ni kubaki nazo. Anayetumia fenobabito au karbamazepini kwa kifafa, ambacho kliniki za akili nchini huhudumia pia, asithubutu kuacha ghafla: degedege linaweza kumshika mfululizo lisikatike, na degedege ndani ya mtumbwi ni kifo. Mwanamke anayetaka mimba aulize mapema, kwa sababu ziko dawa zinazomdhuru mtoto tumboni, na ziko ambazo ni salama kuliko ugonjwa wenyewe.

Kupunguza kunakwenda kwa miezi, si kwa siku. Watafiti kama Mark Horowitz na David Taylor wameeleza kwa nini hatua za mwisho ndizo ngumu: kipande kidogo cha kidonge bado kinafanya kazi kubwa kwenye ubongo, kwa hiyo kutoka nusu hadi sifuri ni kuruka mbali kuliko kutoka viwili hadi kimoja. Vidonge vyetu haviji kwa vipimo vidogo, na kuvikata kwa wembe kunahitaji mfamasia akuambie kipi kinakatika na kipi hakikatwi.

Ningeomba pia kitu kimoja ambacho hakigharimu chochote: tarehe za kliniki kwa watu wa mwambao zipangwe kwa kalenda ya mwezi, ziangukie siku za mbalamwezi. Mvuvi yuko nyumbani siku hizo, amelala usiku, na muuguzi anaweza kumwona akiwa yeye.

Kisha nyumbani wachaguliwe wawili wa kuangalia, na mgonjwa mwenyewe awachague akiwa mzima. Awatajie mapema dalili zake, kwa kuwa kila mtu ana zake: mwingine huanza kwa kutolala siku tatu, mwingine kwa kugawa vitu, mwingine kwa kumshuku mke, mwingine kwa kutembea ufukweni alfajiri akihesabu mitumbwi. Wakubaliane nani atamwambia, kwa maneno gani, na kwamba akiambiwa atarudi kwenye dozi ya awali bila ubishi hadi aonwe. Wakubaliane na mwenye boti mmoja. Na hela ya petroli ya kwenda Kibirizi iwekwe kando siku ileile kidonge cha kwanza kinapokatwa, ishikwe na mtu ambaye hataikopesha, kwa sababu boti ya dharura ya usiku ni ya kukodi na mafuta hayakopeshwi.