Mnunuzi na Bidhaa za Ng'ambo

Ni ada ya wasemaji wengi, wauonapo umati wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, ukichambua mitumba ilhali nguo zilizofumwa nchini zimelala dukani, kumshutumu mnunuzi kwamba ameidharau nchi yake. Lakini shutuma hiyo, ijapokuwa yatoka katika moyo wa uzalendo, haiwi na insafu mpaka tuulize kwanza mtu hununua nini hasa atoapo fedha yake.

Historia ya pwani yatupa jawabu. Baada ya Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, kufunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, merikebu za Salem, Massachusetts, zilileta Unguja majora ya merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, zikarudi na pembe na sandarusi. Na kwa kuwa kilikuwa kigumu na cha kutumainika, kitambaa hicho kilienea bara hata kikatumika kama fedha katika njia za misafara. Wafumaji wa Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania ya leo, waliijua kazi yao barabara, ila nguo moja iliwachukua siku nyingi mno, wasiweze kushindana na mashine kwa bei wala kwa wingi. Walakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861 na merikani ikaadimika, wateja wale wale waligeukia vitambaa vya Uingereza na vya Bara Hindi. Mapenzi yao hayakuwa kwa taifa lolote.

Mnunuzi wa mitumba leo hafanyi kinyume cha hayo. Bei ndiyo humvuta kwanza. Kisha shati lililokwisha kufuliwa mara nyingi limejishuhudia lenyewe, maana rangi ya kuchujuka imekwisha kuchujuka, na mshono wa kufumuka umekwisha kufumuka.

Hata hivyo, pale jicho lisipoweza kupima ubora, jina la nchi hushika mahali pa shahidi, na shahidi huyo huweza kughuri. Mwaka 1965 mtafiti Robert Schooler alichapisha uchunguzi alioufanya Guatemala, ambako wanafunzi walioonyeshwa bidhaa zilizo sawa, zikihitilafiana kwa jina la nchi tu, walizishusha zile zilizodaiwa kutoka El Salvador na Costa Rica chini ya za kwao na za Mexico.

Sifa mbaya, basi, yaweza kudumu hata baada ya kosa kuondoka. Lakini si ya milele. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 iliamuru bidhaa za kigeni zilizoweza kudhaniwa kuwa za Kiingereza zionyeshe asili yake, kwa nia ya kumtahadharisha mnunuzi na vitu vya Ujerumani, vilivyosifika kwa urahisi na udhaifu. Nao Wajerumani wakaitengeneza kazi yao, hata alama iliyowekwa kuwa onyo ikageuka hidaya.

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, nasi twaongeza kwamba hujiuza kwa aliyekwisha kukijaribu. Kwa hiyo ushuru wa forodha waweza kumpa mwenye kiwanda muhula, na hotuba zaweza kumletea mteja mara moja. Kumrudisha mara ya pili ni kazi ya jora lililo sawa na lile la kwanza, kwa bei ambayo mfuko wake waimudu.