UA WA MITI HAI: CHAGUENI MTI UNAOFAA

Ua wa vijiti haudumu. Mchwa huula na mvua huuozesha. Kila baada ya muda mfupi inabidi kwenda tena porini kukata miti.

Ua wa miti hai ukishashika hukaa miaka mingi. Huzuia mbuzi wasile mchicha. Husitiri bafu na jiko, wapita njia wasione ndani.

Lakini miti ya ua haifanani. Kabla ya kupanda jiulizeni: Je, mti huu una majani mwaka mzima? Je, utazuia mbuzi? Je, hautadhuru watoto?

Mbono
Mbono huota upesi kwa vipande vya matawi. Mbuzi hawapendi majani yake. Lakini wakati wa kiangazi hupukutisha majani, na ua hubaki wazi. Tena mbegu zake zina sumu. Watoto wasizile.

Mnyaa
Mnyaa ni wa kijani mwaka mzima, hata penye ukame. Hatari yake ni utomvu mweupe. Ukiingia machoni huumiza sana, na mtu anaweza kukosa kuona kwa muda. Msiupande mahali watoto wanapocheza. Utomvu ukiingia jichoni, msisugue. Osheni jicho kwa maji safi mengi kwa dakika 20. Kisha mpelekeni mgonjwa zahanati.

Masale
Masale hufaa penye baridi na mvua nyingi. Wachagga wa Kilimanjaro huyapanda mipakani. Hubaki ya kijani, lakini hayana miiba ya kuzuia mbuzi.

Mchongoma
Mchongoma wenye matunda ya manjano ni wa kijani mwaka mzima. Miiba yake ni mirefu na migumu. Matunda yake ni machachu, nayo huliwa. Hukua polepole kuliko mnyaa, lakini ukifunga, mbuzi hapiti. Kwa nyumba yenye watoto na bustani, huu ndio bora. Wafundisheni watoto kuihadhari miiba.

Jinsi ya kupanda mchongoma
1. Chukueni mbegu kutoka matunda yaliyoiva. Zioshe, mzipande kitaluni zikiwa mbichi.
2. Kabla ya mvua, vuteni kamba na kuchimba mfereji. Kina chake kiwe sentimita 30, yaani urefu wa rula ya shule. Tieni samadi iliyooza.
3. Mvua zikishika, pandeni miche. Kati ya mche na mche iwe sentimita 30.
4. Palilieni. Zungusheni matawi makavu, maana mbuzi hula miche michanga.
5. Mche ukifika magotini, kateni ncha yake. Utatoa matawi mengi chini. Msipokata, ua utakuwa mrefu juu na wazi chini, na mbuzi watapita hapo.
6. Baada ya hapo pogoeni kila mwaka. Okoteni miiba yote iliyoanguka.

Acheni nafasi ya mita moja kati ya ua na matuta ya mboga. Mizizi ya ua hunyang'anya mboga maji na chakula.

Ongeeni na jirani
Ua ulio juu ya mpaka huleta ugomvi. Kabla ya kuchimba, mwiteni jirani. Onyesheni mpaka pamoja, mkubaliane nani atapogoa upande upi. Ua mzuri huzuia mbuzi, hauzuii ujirani.