Tulilipia Nane, Tumepata Moja: Hesabu ya Kasi ya Intaneti

Siku hizi vikundi vyetu hununua intaneti kwa mchango, kama vilivyokuwa vikinunua tangi la maji au cherehani. Ni jambo zuri. Lakini tukinunua kitu ambacho hatujui kipimo chake, ni rahisi kuanza kushukiana.

Hapa Kahawa Wendani tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama na vijana ambacho kilikuwa karibu kuvunjika. Walikuwa wamefungua chumba kidogo cha kompyuta, maana wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wako jirani na kazi ya kuchapa haikosi. Wakalipia laini ya intaneti iliyoandikwa "8 Mbps". Siku ya kwanza kijana mmoja akapakua faili, akaangalia kioo, na kompyuta ikaonyesha karibu MB 1 kwa sekunde. Akamwendea mweka hazina.

"Mama, tulilipia nane, hapa naona moja. Hizo saba ziko wapi?"

Mama akatoa risiti, lakini risiti haikuwa na jibu. Wiki nzima watu wakanong'ona kwamba pesa zimeliwa. Nasi tulipoitwa hatukujua la kusema, ikabidi twende kumwuliza fundi. Alichotufundisha ndicho tunachowaletea hapa.

MAYAI NA TREI

Tuseme kikundi chenu kinafuga kuku. Mmoja anaandika kwenye daftari "mayai 240", mwingine anaandika "trei 8". Hakuna yai lililoibwa, kwa sababu trei moja hubeba mayai 30. Wamehesabu kitu kimoja kwa vipimo viwili.

Intaneti ni vivyo hivyo. Yai ni biti, yaani alama ndogo kabisa: sifuri au moja. Trei ni baiti, nayo hubeba biti 8. Herufi moja ya kawaida huchukua baiti moja. Neno "Wendani" lina herufi 7, kwa hiyo ni baiti 7, au biti 56.

Watu wa simu huhesabu biti kwa sababu kazi yao ni kuzipitisha kwenye waya, moja baada ya nyingine. Watu wa kompyuta huhesabu baiti kwa sababu kompyuta huweka herufi na picha zikiwa zimefungwa nane nane. Kila upande una sababu yake, lakini anayeumia ni mnunuzi asiyejua.

Basi angalieni herufi. Ile b ndogo ni biti, na B kubwa ni baiti. Mbps ni megabiti kwa sekunde. MB ni megabaiti. Kilo ni elfu moja, mega ni milioni moja, na giga ni milioni elfu moja.

JINSI YA KUGEUZA

1. Soma namba ya Mbps kwenye tangazo au risiti.
2. Igawanye kwa 8.
3. Jibu ni MB kwa sekunde.

Kwa mfano:
8 Mbps ni MB 1 kwa sekunde.
10 Mbps ni MB 1.25.
20 Mbps ni MB 2.5.
40 Mbps ni MB 5.

Ukitaka kujua faili itachukua muda gani, gawanya ukubwa wake kwa jibu hilo. Video ya mafunzo ya MB 600 kwenye laini ya 8 Mbps itachukua sekunde 600, ndizo dakika 10. Kwenye laini ya 20 Mbps ni sekunde 240, yaani dakika 4.

Bando za simu nazo huuzwa kwa MB na GB, yaani kwa trei, si kwa mayai. Bando ya GB 1 ikitumika kwa kasi ya 8 Mbps bila kusimama huisha kwa sekunde 1,000. Hizo ni dakika 16 na sekunde 40 tu! Kwa hiyo bando ikiisha kabla chai haijapoa, fanyeni hesabu kwanza kabla ya kumlaumu mtu.

TULIKOTOKA

Mwishoni mwa miaka ya 1990 modemu nzuri ya laini ya simu ilipokea biti 56,000 kwa sekunde. Gawanya kwa 8, unapata baiti 7,000, sawa na kuandika "Wendani" mara 1,000. Yaliyomo kwenye diski moja ya MB 1.44 yangechukua zaidi ya dakika 3. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na kasi ikaanza kupanda. Kanuni ya kugawanya kwa 8 haikubadilika.

MBONA WAKATI MWINGINE INAPUNGUA?

Hata baada ya kugawanya, mtaona namba ndogo kidogo. Sababu ni hizi:

- Kila furushi la habari husafiri na anwani yake, kama barua na bahasha. Bahasha nayo ina uzito.
- Kompyuta tano zikitumia laini moja kwa pamoja, zinagawana.
- Baadhi ya kompyuta huhesabu kilo kuwa 1,024 badala ya 1,000.

Lakini mkilipia 8 Mbps na kompyuta moja peke yake inapata MB 0.2 siku baada ya siku, hilo si suala la vipimo tena. Andikeni tarehe, saa na namba mliyoiona, kisha mpelekee aliyewauzia.

Kikundi kile kilipofanya hesabu pamoja, 8 gawanya kwa 8, kikaona hakuna saba zilizopotea. Kijana yule akasimama mbele ya mkutano akamwomba mama radhi. Mama bado ndiye mweka hazina.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Laini yetu ni ya Mbps ngapi? Ni MB ngapi kwa sekunde?
2. Faili ya MB 300 itachukua muda gani kwetu?
3. Je, kuna mtu tuliyemshuku kwa sababu ya kipimo tusichokijua? Tutamwambia nini?