Shambulio la Haraka katika Mpira wa Kikapu

Watu wengi hudhani kwamba shambulio la haraka ni kazi ya miguu tu. Sivyo. Mpira uliorushwa hufika mbele upesi kuliko mchezaji yeyote, hata awe na mbio kama swala. Kwa hiyo mazoezi yake huanzia nyuma, chini ya kikapu kinacholindwa.

Timu ya Boston Celtics ya Marekani ilidhihirisha jambo hili. Bill Russell alipojiunga nayo mwaka 1956, alikuwa akiudaka mpira uliokosa kikapu na kumrushia Bob Cousy mara moja, naye akiuongoza mbele. Timu hiyo ilitwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13, tangu 1957 hadi 1969.

Katika mazoezi, mwalimu aurushe mpira ubaoni. Mchezaji mrefu aruke, audake, kisha amtupie mwenzake aliye pembeni bila kuudunda hata mara moja. Hapa ndipo wengi huharibu: huudunda kwanza, na wapinzani huwa wamekwisha kurudi. Mpokeaji aupeleke katikati ya uwanja, na wenzake wawili wakimbie karibu na mistari ya kando, ili walinzi watawanyike. Afikapo mbele asijitose ovyo. Amvute mlinzi kwanza, ndipo atoe pasi upande ulioachwa wazi.

Wachezaji watatu wakiisha kuzoea, wakabiliwe na walinzi wawili. Walinzi hao wakiupata mpira, washambulie papo hapo upande wa pili, na yule aliyetupa kikapuni arudi mbio kuwazuia peke yake.